Inchi Thelathini na Mbili

Wakhungu alisimama mbele ya ile televisheni kwa muda mrefu hata wateja waliokuwa wakiingia dukani wakaanza kumzunguka kama nguzo. Ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa pili mwaka 2009, na duka la Fadumo, jirani na msikiti wa mjini Kitale, lilikuwa limejaa watu. Kioo kilikuwa kipana na chembamba, kimetundikwa ukutani, na ndani yake samaki wa rangi zote walikuwa wakiogelea. Wakhungu alikisogelea mpaka kati ya pua yake na samaki ikabaki shibiri moja. Aliyaona magamba. Aliyaona moja moja. Tangu Agosti hakuwa ameona kitu chochote kwa namna ile. Machozi yalimlengalenga, akajifanya anapangusa jasho.

"Mzee, hapo umekaribia sana," Fadumo alimwambia kutoka nyuma ya kaunta. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu. "TV kubwa hutazamwa kutoka mbali."

"Hii ndiyo inaitwa HD?"

"Ndiyo hiyo. Inchi thelathini na mbili. Elfu hamsini na mbili, na hapo nimekupunguzia. Lakini ngoja nikuulize kwanza, baba. Kwako unatumia dishi ama antena?"

"Antena."

Fadumo alitikisa kichwa. "Basi nikuambie ukweli, usije ukarudi hapa kunitukana. Hii picha unaona inatoka kwa diski. Hapa Kitale hakuna stesheni inatuma picha ya namna hii kwa antena. Ukiiweka kwa antena, inachukua picha ndogo na kuivuta ijae kioo. Ni kama kumvalisha mtu mzima shati ya mtoto. Itaingia, lakini utaona nyuzi zote."

"Sasa inamfaa nani?"

"Mtu wa hoteli mwenye dishi. Mtu wa diski. Ama mtu mwenye pesa ya kuchezea. Wewe chukua ile ya kawaida pale chini, elfu kumi na mbili, utafurahi nayo miaka."

Wakhungu aliiangalia ile ya chini. Aliona boksi jeusi lenye mwanga ndani, basi. Akarudisha uso kwa samaki.

Kwa miezi sita alikuwa amekilaumu kila kitu isipokuwa macho yake. Magazeti yalikuwa yanachapwa kwa wino hafifu siku hizi. Kioo cha mbele cha basi la shule alilokuwa akiliendesha kilikuwa kimekwaruzwa na vumbi. Televisheni ya nyumbani ilikuwa imezeeka, nyuso za wasomaji habari zikawa kama matone ya uji. Hakuwa amemwambia mtu. Na sasa, mbele ya magamba yale, alipata ushahidi aliokuwa akiutafuta: kumbe macho yake ni mazima, ni televisheni tu iliyokuwa imechoka.

"Niwekee," alisema. "Nakuja Jumatatu."

*

Pesa zilikuwepo. Magunia ishirini na matano ya mahindi ya shamba lao dogo la Tongaren yalikuwa yameuzwa wiki iliyotangulia, na bahasha ilikuwa ndani ya sanduku la nguo, chini ya kitanda, katika nyumba yao ya kupanga mtaani Matisi. Tatizo ni kwamba pesa hizo zilikuwa na kazi tayari. Dinah, mkewe, alikuwa fundi wa nguo. Alikuwa na cherehani moja ya miguu, na alikuwa amezungumza na shule mbili kuhusu kushona sare. Zote zilimwambia neno moja: nguo zako ni nzuri, lakini pindo hazijafungwa kwa mashine. Alihitaji ovaloki, ile mashine ya kufunga pindo.

"Elfu hamsini na mbili kwa TV?" alisema Dinah, akaweka mkasi chini. "Baba Nakhumicha, wewe uko sawa kweli?"

"Si pesa ya kutupa. Ni kitu kinakaa miaka."

"Ovaloki haikai miaka?"

"Mama Nakhumicha, mimi naamka saa kumi na moja kila siku. Nikirudi hapa sina raha ya kitu kingine. Siku hizi hata habari siwezi kufuata. Picha ni mbaya."

"Picha ni ile ile ya kila siku."

Binti yao, Nakhumicha, aliyekuwa kidato cha tatu, aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Aligeuka akaitazama televisheni iliyokuwa ikiwaka kona, kisha akamtazama baba yake. "Lakini hiyo inaonyesha poa, baba. Si naona hata saa yenye mtu wa habari amevaa."

"Nyamaza wewe, ati saa," alisema Wakhungu kwa ukali uliowashangaza wote, hata yeye mwenyewe.

Dinah hakuendelea kubishana. Miaka kumi na minane ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba mumewe hakuwa mtu wa anasa. Hakunywa pombe. Viatu alivyovaa vilikuwa vimeshonwa mara tatu. Alipotaka kitu kwa nguvu namna hii, Dinah alidhani, labda kinamgusa mahali asipoweza kusema. Kwa hivyo Jumatatu, Wakhungu alipoinama kuvuta sanduku, yeye aliendelea kushona, mgongo ukiwa umegeuka. Lakini uzi ulimkatikia mara nne kabla ya mumewe kutoka mlangoni.

*

Majirani walikuja Jumanne jioni bila kualikwa, kwa sababu boksi lenye picha ya televisheni halifichiki katika ploti ya vyumba kumi. Walijaza kochi, stuli na mkeka. Mukhisa, fundi baiskeli wa chumba cha pili, alikuja na kikombe chake cha chai kabisa.

Nakhumicha aliunganisha waya wa antena. Kioo kikawaka, kikajaa chengachenga, kisha sura ya msomaji habari ikatokea, imetandazwa kwa upana hata mashavu yakafika pembeni. Kila kitu kilikuwa kikubwa na kila kitu kilikuwa na chembechembe, kama kitu kilichochorwa kwa pumba.

Mukhisa alishusha kikombe chake.

"Sasa hii ndio terevisheni ya maerfu?" aliuliza Mukhisa, ambaye r na l kwake zilibadilishana viti alivyopenda yeye. "Huyu mama amefura ama ni HD?"

Watu wakacheka. Watoto wakacheka zaidi. Mtu mmoja akasema yake ya inchi kumi na nne ni afadhali, mwingine akashauri antena igeuzwe ielekee mlimani. Nakhumicha akatoka kuizungusha, akawa anapiga kelele kutoka nje, "Iko sawa?" na wote ndani wakijibu, "Bado!"

Wakhungu alikuwa kwenye kiti chake, hatua nne kutoka kwenye kioo. Hakuona chembechembe wala mashavu. Aliona mwanga mpana unaotembea. Aliposikia wenzake wakilalamika, jambo la ajabu lilimtokea: alifurahi. Kumbe hata wao hawaoni vizuri!

"Yule mama ameniuzia mbovu," alisema kwa sauti. "Kesho kutwa naenda kumrudishia."

Dinah alikuwa amesimama mlangoni na sahani mikononi. Alimtazama mumewe akitabasamu katikati ya aibu ile yote, na hakuelewa.

*

Basi la shule ya Bwana Rotich lilikuwa likibeba watoto arobaini na wawili kutoka upande wa Saboti kuwaleta mjini. Ilikuwa shule ya binafsi, si kubwa, na Wakhungu alikuwa dereva wake tangu basi lile linunuliwe. Kila asubuhi Mwalimu Rispah, msichana mchangamfu aliyefundisha darasa la pili, aliketi kiti cha mbele kuwapokea watoto.

Barabara Wakhungu aliijua kwa mwili. Alijua shimo lililo mbele ya posho mili ya kusaga mahindi, kona ya kanisa, daraja. Steji alizijua kwa kuhesabu. Na katika miezi sita hiyo, bila kuambizana, Rispah alikuwa amejifunza kuzungumza. "Kuna ng'ombe hapo, baba." "Huyo wa mkokoteni hasogei kando." Alidhani anapiga soga tu na mzee. Wakhungu alikuwa akizinywa habari zile kama maji.

Jumatano asubuhi Rispah alikuwa amegeuka nyuma kumfunga mtoto kamba za viatu. Mbele, mwenye maziwa alikuwa akivuka na baiskeli yake, mitungi miwili imening'inia. Wakhungu alimwona alipokuwa tayari chini ya pua ya basi. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Watoto waligonga viti, wengine wakalia. Baiskeli iliangukia mtaroni, na maziwa yakamwagika barabarani, meupe juu ya vumbi jekundu.

"Umelala, mzee?" yule mtu alipiga kelele akiinuka, magoti yakitoka damu. "Si nimekunyooshea mkono kabisa!"

"Ni ukungu," alisema Wakhungu. "Samahani, ndugu. Ni huu ukungu."

Alimpa noti zote zilizokuwa mfukoni. Yule mtu alizichukua, lakini alibaki amemkodolea macho, kisha akaangalia juu, kisha akamwangalia Mwalimu Rispah kama anayeomba tafsiri. Ilikuwa kiangazi. Jua lilikuwa limeshatoka, na Mlima Elgon wote ulionekana mpaka kileleni.

*

Alhamisi alasiri walienda dukani wote watatu, televisheni imefungwa kwenye boksi juu ya mkokoteni wa kukodi. Dinah alikuwa amejiandaa kwa vita. Risiti ilikuwa imeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na yeye alikuwa amekusudia kupigana na sentensi hiyo.

"Mama, umetuuzia kitu imeharibika," alianza.

"Imeharibika wapi?" aliuliza Fadumo.

"Picha ni chenga tupu. Majirani wametucheka."

"Ya antena?" Fadumo alimgeukia Wakhungu. "Baba, si nilikuambia?"

"Hata ingekuwa antena," alisema Wakhungu, "picha ya siku ile si hii. Siku ile niliona mpaka magamba."

Duka lilikuwa na watu sita au saba, na wote walikuwa wamesogea kusikia. Fadumo hakubishana. Aliitoa televisheni ndani ya boksi kwa mikono yake, akaiweka juu ya meza, akachomeka mashine ya diski. Samaki wakatokea. Mtu mmoja akapiga mluzi. Dinah, ambaye hakuwa ameiona picha ya namna ile maishani, alijikuta amefungua mdomo: kila jiwe chini ya maji lilikuwa na kivuli chake, kila pezi na mishipa yake.

"Hii ndio imeharibika?" aliuliza mteja mmoja, na wengine wakacheka.

Wakhungu alikuwa upande wa pili wa kaunta, hatua nne, tano. "Si mnaona," alisema, akinyoosha mkono. "Ni ile ile. Ukungu mtupu."

Kicheko kilikatika. Fadumo alimtazama, kisha akatazama kioo, kisha akamtazama tena. Aliongea polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsogelea mnyama aliyejeruhiwa. "Baba, yule samaki mkubwa hapo katikati ni wa rangi gani?"

"Si ni... mwekundu."

Alikuwa wa manjano. Na hakuwa mmoja, walikuwa wawili.

Nakhumicha aliinamisha kichwa. Alikuwa amelijua jambo hili kwa wiki nyingi bila kujua kwamba analijua: jinsi baba alivyokuwa akipapasa meza kabla ya kuweka kikombe, jinsi alivyokuwa akimwambia, "Nisomee hapo, nimeacha miwani," ilhali hakuwahi kuwa na miwani. Dinah alikuwa amemshika mumewe mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, mpaka vidole vikaacha alama.

"Nitaizima," alisema Fadumo. Akawageukia wateja waliosimama. "Na nyinyi mnataka nini? Anayenunua anunue." Walipotawanyika, alimsogelea Dinah. "Kuirudisha siwezi, mama, boksi imefunguliwa. Lakini iache hapa kwangu. Kuna watu wa hoteli wanaulizia. Nikiiuza, pesa yote ni yenu, hata shilingi sitakula."

*

Nyumbani, Dinah alifunga mlango.

"Tangu lini?"

"Ilianza Agosti. Kidogo kidogo."

"Agosti." Alihesabu moyoni siku zote za shule tangu Agosti, mara mbili kwa siku, kwenda na kurudi. "Unabeba watoto wa watu, Wakhungu." Hakuwa akimwita kwa jina. Neno lile liliwashtua wote wawili.

"Njia naijua."

"Na watoto? Hao pia unajua kila mmoja amesimama wapi?"

Wakhungu alikaa kwenye kiti chake akitazama kona iliyoachwa na televisheni mpya. Baadaye alisema, "Nikisema, leo ndiyo siku ya mwisho ya mshahara. Nani ataajiri dereva haoni? Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Siku nane tu. Tuchukue mshahara, twende hospitali Bungoma, pengine ni kitu ya dawa tu. Siku nane, mama."

Dinah alijua jibu sahihi. Alilijua vizuri, lilikuwa mdomoni. Lakini pia aliijua kodi ya nyumba, na karo ya Nakhumicha iliyobaki nusu, na ovaloki iliyogeuka kuwa samaki katika duka la mtu. Alinyamaza. Na katika ndoa yao, Dinah akinyamaza ilikuwa na maana amekubali.

Nakhumicha, aliyekuwa nyuma ya pazia, alingoja mama yake aseme kitu. Alingoja mpaka akasikia cherehani ikianza kulia.

*

Lakini asubuhi, Wakhungu alipovaa koti, Dinah alikuwa amesimama mlangoni na leso begani.

"Nakuja na wewe."

"Wapi?"

"Kwa basi. Nitaketi mbele. Nitakuwa macho yako hizo siku nane."

Rispah alishangaa kumpata, lakini alimpisha kiti. Dinah hakuwahi kupanda basi lile. Walipotoka mjini, alishika chuma kilichokuwa mbele yake na hakukiachilia tena. Alikuwa amedhani itakuwa kazi ya kusema neno hapa na pale. Hakujua barabara ina vitu vingi namna ile. Baiskeli. Mbuzi. Pikipiki mbili, moja inapita nyingine. Mama na ndoo. Kila kimoja alikisema, na kila alipokisema aliona mikono ya mumewe ikisahihisha usukani, ikichelewa kidogo, na akaelewa kwamba bila sauti yake mikono ile isingesogea. Watoto waliingia mmoja mmoja, wakiwa wamepakwa mafuta usoni, wakisema, "Shikamoo baba, shikamoo mama," na salamu zile zilimchoma.

Steji ya tisa ilikuwa mbele ya kibanda cha nguo cha Nimo, mama mmoja mjane. Binti yake, Bilan, alikuwa na umri wa miaka saba na mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Alikuwa akipita mbele ya basi kufika mlangoni chupa yake ya maji ilipomdondoka. Akainama kuiokota. Rispah alikuwa mlangoni akimwinua mtoto mwingine aliyemtangulia. Yule alipoingia, mlango ukagongwa, ishara ya kawaida ya kuondoka, na Wakhungu akaachilia klachi.

"Simama!" Dinah alipiga kelele, na sauti haikuwa yake. "Simama! Kuna mtoto!"

Basi liliruka, likazima.

Kwa sekunde chache hakuna kilichoonekana mbele ya kioo. Kisha kichwa kidogo chenye hijabu nyeupe kiliinuka, karibu kabisa na taa ya mbele, chupa mkononi, uso umeshangaa. Bampa ilikuwa imegusa mkoba. Haikugusa kitu kingine.

Wakhungu hakumwona. Aliisoma habari yote kutoka kwenye pumzi ya mkewe. Alikaa mikono ikiwa juu ya usukani, kisha akachomoa ufunguo na kuunyoosha upande ambao Rispah alikuwa amesimama.

"Mpigie Mkurugenzi," alisema. "Mwambie alete dereva. Mimi siendeshi tena."

*

Bwana Rotich, akiwa ameshasikia yote kwa Rispah, alimwita ofisini saa nne. Hakumpa kiti. Alikuwa mtu nadhifu, na alikuwa na haraka.

"Tangu lini?"

"Agosti, Mkurugenzi."

Rotich alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua, hakuuliza habari za daktari. "Nani anajua?"

"Mke wangu. Mwalimu Rispah. Binti yangu. Na mama wa duka la TV."

"Iishie hapo. Mzazi mmoja akisikia, muhula ujao sina shule. Tumeelewana?" Alisukuma karatasi juu ya meza. "Weka sahihi hapa. Ni barua, umeacha kazi kwa sababu za kifamilia. Mshahara wako wa mwezi mzima utaupata wiki ijayo, kamili."

Aliweka kidole mahali pa kutia sahihi, kwa sababu Wakhungu alikuwa akielekeza kalamu kwenye meza. Wakhungu alitia sahihi. Mambo yakaonekana yameisha kwa urahisi, na aliona aibu kwa jinsi alivyoshukuru.

Jumatatu walienda Bungoma, kwenye zahanati ya macho ya misheni, wakasubiri benchini tangu asubuhi. Daktari alimwangalia muda mrefu kwa taa. Jicho la kushoto, alieleza, lilikuwa na mtoto wa jicho, na lingeweza kupasuliwa. La kulia lilikuwa limeharibiwa na sukari ambayo Wakhungu hakujua anayo, na hilo hakuna aliyeweza kuahidi.

"Nikipasuliwa nitaendesha?"

"Utaona mke wako," daktari alisema. "Pengine utasoma maandishi makubwa. Basi la watoto, hapana, mzee. Hilo sahau."

Dinah ndiye aliyelia. Wakhungu aliuliza tu gharama. Jioni hiyo hiyo Fadumo alipiga simu: mwenye hoteli mmoja, mwenye dishi, ameichukua televisheni kwa elfu arobaini na tatu. Upasuaji ungepatikana. Ovaloki haingepatikana, si mwaka ule.

*

Mshahara uliletwa na Mwalimu Rispah, Jumamosi mchana, ndani ya bahasha. Alikataa chai. Alikaa pembeni ya kochi akizungusha pete kidoleni.

"Kuna kitu sijui kama naweza sema, baba."

"Sema."

"Ni juu ya Bilan. Wazazi waliuliza kwa nini basi lilisimama njiani ile asubuhi. Mkurugenzi akasema ni mtoto alikuwa anacheza mbele ya gari. Alipigwa viboko mbele ya wenzake, gwaridani. Halafu amesimamishwa wiki mbili, ati iwe funzo. Mama yake pia akamwongeza zingine."

Wakhungu hakuinua kichwa. Mkono wake uliitafuta bahasha mezani, ukaipata, ukaisukuma mbali naye kidogo.

"Nakhumicha," aliita. "Lete viatu vyangu."

"Baba, Mkurugenzi akijua nimesema..." Rispah alianza.

"Wewe hujasema. Mimi ndiye nitasema."

Dinah alikuwa tayari anajifunga leso. Hakumwuliza kama amefikiria. Barabarani alimshika mkono, na watu waliomfahamu Wakhungu kama dereva walimtazama akiongozwa, na Mukhisa, aliyekuwa ameinamia baiskeli nje ya ploti, alisimama wima akawapisha bila utani wowote.

Nimo alikuwa kwenye kibanda chake akikunja nguo. Alimtambua Wakhungu, akainuka, na kabla hajaamkiwa alianza kuomba msamaha.

"Baba, yule mtoto nimemchapa. Nimemwambia, unataka kumfanya mzee wa watu aende jela? Hatarudia tena."

"Mama," alisema Wakhungu. "Mtoto wako hakufanya makosa."

"Alikuwa anacheza mbele ya gari."

"Hakuwa anacheza. Alikuwa anaokota chupa yake, na mimi sikumwona. Sikuwa naona tangu mwaka jana, na niliendelea kuwabeba. Huyu bibi yangu asingepiga kelele, leo tungekuwa kwenye matanga hapa kwako."

Gauni alilokuwa akikunja lilimtoka Nimo mikononi. Alimtazama Dinah, na Dinah akaitikia kwa kichwa. Uso wa Nimo ulibadilika mara kadhaa, hasira ikaja, ikaondoka, ikarudi. Kwa muda ilionekana atamfukuza, na Wakhungu alisimama akingoja kufukuzwa.

"Na wewe ulijua?" hatimaye Nimo alimwuliza Dinah.

"Nilijua siku moja kabla," alisema Dinah. "Nikanyamaza. Kwa sababu ya mshahara."

Nimo aliliokota lile gauni. Kisha akageukia mlango wa nyuma. "Bilan! Kuja hapa." Na kwa Wakhungu akasema, "Mimi usiniambie. Mwambie yeye. Mimi nilimpiga, wenzake walimwona akipigwa. Rudia yote, asikie."

Hatua ndogo zilisikika. Wakhungu alivua kofia. Alipiga magoti kwenye vumbi la mlangoni, mzee mzima, watu wakipita, akaelekeza uso mahali alipodhani hatua zile zimesimama.

"Mwanangu," alianza, "wewe hukufanya makosa yoyote. Ni mimi..."

Alikuwa akiongea na mlingoti wa kibanda. Dinah alinyoosha mkono amgeuze, lakini Nimo alimzuia.

Bilan alimtazama yule mzee kwa muda. Kisha akazunguka, akaja akasimama mbele yake kabisa, karibu, mpaka hijabu yake ikajaa machoni mwa Wakhungu kama kitu cheupe kisicho na mipaka.

"Niko huku, baba," alisema. "Haya, anza tena."